Sekunde ya Hamsini na Mbili

Kazi yangu ni kuandika maneno ya dakika moja. Mtu akiniuliza kwenye foleni ya benki nafanya kazi gani, nasema mwandishi, naye huniuliza vitabu vyangu vinauzwa wapi. Sina kitabu. Nina video elfu moja na mia mbili ambazo hakuna anayekumbuka hata moja, kila moja ya sekunde sitini, na kila moja na chambo chake. Chambo ni zile sekunde tatu za mwanzo. Usipomnasa mtu hapo, kidole chake kimeshasukuma, ameenda kumtazama paka anayepiga kinanda.

Tupo ghorofani, juu ya duka la vigae. Kuta tumezifunika kwa magodoro ya zamani ili sauti isitoe mwangwi, na chumba kizima kinanuka usingizi wa watu wengine. Bosi ana meza yake dirishani. Mbele ya godoro la bluu, kwenye mwanga wa taa ya duara, ndipo anaposimama Daktari.

Daktari si daktari. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu wa "makofi tafadhali", na Bosi alimchukua kwa ajili ya sauti yake na mvi chache zilizokaa mahali pa kuaminika. Koti jeupe lilishonwa na fundi anayewashonea wauza nyama. Amevaa koti, amesimama wima, anasema taratibu, na watu laki tisa wanamfuata. Barabarani wanamwamkia kwa heshima. Mwanzoni alikuwa akicheka na kukana, baadaye akaacha kukana, siku hizi anaitikia tu. Simlaumu, maana kila neno linalotoka kinywani mwake nimelitia mimi.

Kila asubuhi Bosi hutuonyesha mchoro wa watazamaji. Mstari huanza juu halafu unaporomoka. Katika watu mia, sabini wameshaondoka kabla ya sekunde ya kumi na mbili. Wanaofika sekunde ya hamsini ni sita au saba, na kati yao wawili wameisahau simu mezani. Mchoro huo naujua kuliko ninavyoijua sura yangu.

Siku ya skripti ya presha niliandika hivi: "Usiache dawa zako za presha bila kuonana na daktari wako. Lakini yapo mambo ya kujiongezea nyumbani." Nikampelekea Bosi, akaisoma akiwa amesimama.

"Mwandishi, hii ni barua ya wizara," akasema. "Nani atabaki hapo?"

"Lakini ndio ukweli wenyewe, Bosi."

"Nimeukataa? Nimesema uuhamishe. Ukweli si lazima ukae mlangoni kama mlinzi."

Nikauhamisha. Mwanzo mpya ulikuwa huu: "Wapo watu wanaoishi na presha miaka na miaka bila kumeza kidonge hata kimoja. Wanafanya nini?" Kisha kutembea asubuhi, kupunguza chumvi, kupunguza uzito, na mwisho kabisa, sekunde ya hamsini na mbili, ile sentensi ya dawa. Bosi aliikimbiza kidogo ili dakika isizidi, na muziki ukapanda juu yake. Mchoro nilikuwa naujua. Niliiweka sentensi ile mahali ambapo nilijua hapana mtu, halafu nikateremka kwenda kula chakula cha mchana nikiwa na moyo mweupe. Panya huuma huku akipuliza. Mimi niliuma sekunde ya kwanza, nikapuliza nyumba ikiwa tupu.

Video ilikwenda. Katika wiki mbili ilifunguliwa mara milioni moja na nusu, na Bosi akaninunulia kiti kipya.

Sasa nimseme mama yangu. Alikuwa mpiga chapa mahakamani kwa miaka thelathini na moja, vidole kumi, macho hayaangalii mashine. Alipostaafu akahamia kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani na anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Mama ni mtu wa kusoma mpaka nukta ya mwisho. Anasoma karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa, anasoma maandishi ya chini ya mfuko wa sukari, na akikuta kosa anachukua kalamu. Presha alikuwa nayo mwaka wa kumi na moja. Vidonge vyake alikuwa akijimezea mwenyewe, asubuhi na jioni, bila kukumbushwa na mtu. Basi sikuwahi kuwa na wasiwasi naye. Nilijua kama yupo mtu mmoja duniani anayefika sekunde ya hamsini na mbili, ni yeye.

Na alikuwa akijivuna. Hana jirani asiyejua kuwa "yule Daktari wa kwenye simu anaandikiwa na mwanangu." Nikienda Jumapili nakuta wageni wamepangwa kunitazama. Kwa mama tu ndipo nilipokuwa mwandishi.

Miezi miwili baada ya video ile, dada alinipigia saa nne asubuhi, tukiwa katikati ya kurekodi ishara tano za figo mgonjwa.

"Mdogo wangu, njoo. Mama ameanguka uani."

"Ameteleza?"

"Hajateleza. Mdomo umeenda upande. Tumemnyanyua mimi na Shangazi wa Kona, tupo kwenye gari."

Shangazi wa Kona si shangazi yetu. Ni jirani anayekaa nyumba ya pembeni, mjane mwenye kisukari, na siku hiyo alimbeba mama yangu kwa kumshika kichwa na mabega huku mguu wake mmoja ukiwa umefungwa bendeji. Nilipofika hospitali nilimkuta ameketi sakafuni ukutani, viatu mkononi. Aliniambia pole kabla sijampa shikamoo.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukawa hautoi neno. Daktari wa zamu, mwanamke mmoja aliyechoka mpaka kope, alituuliza kama mgonjwa alikuwa anameza dawa zake. Dada akajibu haraka, karibu kwa kuudhika, kwamba mama yetu hahitaji kusimamiwa. Yule daktari akamtazama, akaandika kitu, hakubishana.

Nilikwenda nyumbani kwa dada kumchukulia nguo. Kabatini, nyuma ya mashuka, nilikuta paketi za dawa hazijafunguliwa, za karibu miezi miwili, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Nikazibeba hivyo hivyo mikononi mpaka chumba cha mbele, ambako dada alikuwa amepita mara moja kufunga mlango.

"Hizi ni nini?"

"Za mama. Kwani hukujua?"

"Nijue nini, dada?"

"Aliniambia vidonge si lazima tena. Nikamuuliza nani kasema, akasema mwanangu ameandika. Akawa anazunguka uani kila asubuhi, anatembea. Mimi nikajua mmeshaongea, nyinyi wenyewe."

"Aliitazama yote?"

"Video? Mama hatazami yote. Anafungua, anazima, anafungua nyingine. Si wewe uliyemwambia mtu akifungua tu inahesabika? Anasema bando lisiishie kwenye moja, akusukumie zote."

Nilimwambia. Ilikuwa Jumapili, nikijitapa mbele ya wageni, nikamwonyesha jinsi namba inavyopanda sekunde chache tu baada ya kufungua. Mama akawa anafanya hivyo kila siku baada ya chai, video zangu zote, sekunde kumi kumi, kwa mapenzi. Alisikia chambo, akasikia kutembea, akafunga akaenda kumsaidia mwanawe kwenye video nyingine. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani, nikatamani ardhi ipasuke.  Dada aliziweka zile paketi kwenye mfuko, akasema tuondoke, saa ya kuona wagonjwa inapita.

Kesho yake nilimwomba Bosi aifute ile video. Alinipa pole, tena pole ya kweli, akaagiza juisi.

"Lakini kuifuta kwa nini?" akasema. "Onyo si lipo? Si uliliandika mwenyewe?"

Hilo ndilo jibu nililokuwa nikijipa mimi mwenyewe. Nikaenda kwenye maoni ya watu. Yalikuwa maelfu. "Mwezi wa pili sijameza, najisikia mwepesi, Mungu akubariki Daktari." "Nimemwachisha na baba yangu." Nikaanza kuwajibu mmoja mmoja: rudi kwenye dawa leo, nenda ukapimwe. Mmoja akaniuliza nimesomea wapi. Mwingine akasema watu kama mimi tunalipwa na wenye viwanda vya vidonge. Nilijibu mia moja na arobaini, na kabla ya adhuhuri ukurasa ukanifungia nje. Niliandika kila kitu kilichomo mle, na sasa sikuruhusiwa kuandika neno.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku nane. Dada aliondoa meza ya kukatia vitambaa, tukaweka kitanda pale chumba cha mbele, mlango wa barazani wazi, apate hewa na aone watu. Yule daktari wa zamu alikuwa ametuambia bila kuzungusha: asubuhi na jioni, asikose hata mara moja, kiharusi cha pili hakitamwacha.

Mama akakataa.

Kidonge kikifika mdomoni, meno yanafungwa. Tulikisaga, akatema. Tulikitia kwenye uji, akausukuma uji. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikaanza, na mshipa wa shingo yake ulikuwa ukipiga hata aliyekaa mlangoni anauona. Nikamwomba dada atuache peke yetu.

"Mama, meza. Nakuomba."

Aliivuta simu kwa mkono wa kushoto. Vidole kumi vya mahakamani vilikuwa vimebaki dole gumba moja, na lilitafuta herufi polepole kama mtoto wa chekechea. Akaandika: *Uliandika mwenyewe.*

Nikaifungua ile video, nikaisogeza mpaka mwisho, nikamshikia simu sikioni. Lakini usiache dawa zako bila kuonana na daktari wako. Akasikiliza. Kisha dole gumba likaanza tena safari yake, na mimi nikangoja: *Hayo ya mwisho ni ya sheria. Ya kwanza ndiyo yako.*

Alikuwa amepiga chapa miaka thelathini na moja. Alijua mistari ya mwisho huwekwa kwa ajili ya nani.

"Mama, yule si daktari. Alikuwa mshereheshaji wa harusi. Koti ni la wauza nyama. Mimi natunga tu, mama. Nimekudanganya wewe na watu milioni. Mimi ni mwongo."

Nilidhani nikishasema hivyo kutakuwa na kitu, kilio au kofi. Alicheka. Nusu ya mdomo ilipanda, nusu ikabaki, na machoni mlikuwa na huruma ile anayompa mtu aliyejitukana bure. Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. *Usijishushe ili nimeze. Mwanangu haandiki uongo.*

Nilitoka barazani nikalia kama nilivyokuwa sijalia tangu utoto. Dada akaja akasimama nyuma yangu na sindano zake mdomoni. Alipozitoa akasema, "Labda aambiwe na Daktari wake mwenyewe. Si unafanya naye kazi? Mlete." Sikumwambia dada ukweli. Niliyekuwa nimemwambia tayari hakuniamini, na nguvu ya kusema mara ya pili sikuwa nayo. Tena nisifiche: niliona kwamba itafaa.

Nilimkuta ghorofani anakula karanga.

"Mimi?" akasema. "Kwa mgonjwa kabisa? Kitandani?"

"Ni mtu mmoja. Ni mama yangu."

Akazifunga karanga kwenye karatasi. "Nivae koti?"

Nililitazama koti lake. Halafu nikasema vaa.

Skripti ile niliandika kwa dakika kumi, na sijawahi kuandika nzuri kama ile. Sentensi tatu. *Mama, meza dawa zako kila siku, asubuhi na jioni, usiache kamwe. Nilikosea kusema vinginevyo. Nimekuja mwenyewe ili uyasikie kwangu.* Haikuwa na chambo. Ukweli niliuweka mbele, mahali pake, kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nikampa mwongo akausome.

Alikuja saa tatu asubuhi ya siku ya tatu. Mama alipomwona anainama kupita mlangoni, mkono wa kushoto ulikwenda kichwani kutengeneza nywele. "Shikamoo mama," akasema kwa ile sauti, naye akauinua mkono kuitikia. Daktari akaketi kando ya kitanda, akamshika kiganja, akasema sentensi zangu tatu bila kuongeza wala kupunguza. Mama alinitazama kwanza mimi, kuona kama nami nipo, kisha akamtazama yeye, akafungua mdomo. Dada akaweka kidonge. Maji yakamwagika shingoni kidogo, koo likapanda, likashuka. Kilikuwa kimekwenda. Dada akakiweka cha jioni kwenye kisahani juu ya kistuli, mama akione, na mama akaitikia kwa kichwa.

Furaha niliyoipata sitaki kuidharau. Nilikuwa nampata mama yangu.

Kumbe dada alikuwa amesema kwa majirani. Tulipotoka barazani na Daktari tulikuta watu sita wameketi kwenye benchi na kwenye ngazi, na makaratasi yao, na vichupa vyao, kimya kama watu wa zahanati. Wa kwanza alikuwa Shangazi wa Kona. Alisimama kwa kushika ukuta.

"Daktari, sikuzuii. Ni huu mguu tu." Akafungua bendeji. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umepanda. "Wanataka kukata, Jumatatu. Barua yao hii hapa. Nikasema nisiende kabla sijamsikia huyu."

Daktari aliutazama mguu, kisha akanitazama mimi. Ndivyo anavyonitazama pale kwenye godoro la bluu maneno yakimtoka kichwani. Nilitaka kumwambia kwa macho: mwambie aende, sema aende leo. Lakini huyu ni mtu wa harusi, maisha yake yote hajaweza kumwacha mgeni na huzuni, na yule mwanamke alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumtazama ukumbini.

"Hautakatwa, shangazi," akasema taratibu. "Hao wana haraka. Upumzishe, uusafishe vizuri, utaona."

Watu wa benchi wakapumua pamoja. Shangazi wa Kona alifumba macho kidogo. Kisha, kwa sababu ana akili, na kwa sababu ananijua, akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayeandika, mwanangu. Ni kweli anavyosema?"

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto kutuangalia, na ile nusu ya mdomo wake ilikuwa imepanda. Masikio yake kiharusi hakikuyagusa. Nikisema hapana, huyu hajui lolote, kila neno linamfikia kitandani, na kile kidonge cha jioni kitabaki kwenye kisahani, na cha kesho, mpaka kusiwe na haja tena. Nikisema ndiyo, mama atameza.

Nilimtazama yule mwanamke aliyembeba mama yangu.

"Ni kweli, shangazi," nikasema.

"Ahsante, mwanangu." Akaikunja barua ya hospitali mara mbili, akanitia mkononi. "Basi nitupie hii, nisije nikaingiwa na woga Jumatatu nikaenda."

Nikaipokea. Akafunga bendeji yake vizuri, akashuka ngazi akichechemea, na mtu wa pili akasogea mbele na makaratasi yake.